Nakala ya Mia Nane

Mchoraji alileta karatasi asubuhi ya theluji,
nyembamba kama utando wa yai,
nikaigandisha kifudifudi juu ya ubao wa mcheri.
Ndivyo kazi yetu ilivyo: mchoro hufa kwanza.
Kisu hupita, hula karatasi na wino pamoja,
kinachobaki ni mti uliofundishwa kukumbuka.

Mwanamke amesimama nyuma ya mlango wa karatasi.
Taa iko mgongoni mwake, mtoto amelala.
Uso wake wa kawaida, uso wa mke wa mtu.
Lakini kivuli!
Kivuli kina pua ndefu, masikio yaliyochongoka,
na chini ya upindo wa vazi, mkia.
Mkia wenyewe mchoraji aliupitisha kwa mstari mmoja,
pembeni akaandika: *manyoya*.
Mengine aliniachia mimi.

Mimi ni Kanroku wa kichochoro cha wasuka mikeka, hapa Edo.
Nachonga nywele.
Vijana hupewa mawimbi na mawingu;
mimi hupewa nyusi, singa,
na mizizi ya nywele kwenye paji la uso.
Mkia ule ulinichukua siku tisa.
Singa mia tatu na kitu, kila moja nyembamba kuliko mwenziwe.
Ningepiga chafya, mbweha angekuwa mbwa.

Ubaoni kila kitu hukaa kinyume.
Kulia ni kushoto. Anayeondoka huonekana anarudi.
Siku tisa nilimtazama akirudi.

Mpiga chapa ni mke wangu, O-Nui.
Hulowesha karatasi, hupaka wino kwa brashi ya singa za farasi,
husugua kwa kisahani cha ganda la mwanzi,
mpaka kiganja chake kimekuwa kigumu kama kwato.
Alinijia mwaka wa njaa, akishuka kutoka milima ya Shinano,
bila mshenga, bila sanduku,
na majirani hawakuwa na kazi nyingine.
"Anapenda mno tofu ya kukaanga."
"Mbwa wa muuza mkaa humbwekea."
Mbwa yule hubwekea hata mwezi.
Ila neno ni moshi: likishaingia nguoni,
hufua, huanika, bado lanuka.

Masudaya mchapishaji alitaka nakala mia mbili.
Ziliisha kabla theluji haijayeyuka.
Bei yake bakuli la tambi, nani angekosa?
Akataka mia nyingine, na nyingine,
hadi muhuri wa mkaguzi ukawa hausomeki.

Mti nao ni mwili, huchoka.
Kufikia mia nne, singa zilianza kushikana.
Kufikia mia sita ncha ya mkia ilikatika,
na sikio moja likawa fundo la nywele tu.
Nikasema, nipe kisu nichonge kipande kipya.
O-Nui hakuinua kichwa.
"Mwache," alisema.
"Mwache achoke kuwa mbweha."

Nakala ya mia nane naitunza mimi.
Mwanamke, taa, mtoto amelala.
Kivuli ni doa la kijivu tu,
cha yeyote aliyeamka usiku kufunga mlango.
Wanunuzi wa kwanza walipata mbweha.
Wa mwisho, kwa bei ileile, walipata mke wa mtu,
na wapo waliorudi dukani kudai fedha zao.

Majirani bado wana zile za mwanzo, wamezibandika ukutani.
Wakilewa huniuliza: Kanroku, mnyama yule
ulimwona wapi kwa karibu namna ile,
hata ukajua manyoya hulala upande gani?
Nawaambia, kazi ni mazoea.

Kisha narudi nyumbani.
O-Nui ananingoja na bakuli chini ya kifuniko.
Tunakula. Anainuka kuzima taa,
nami, kama kila usiku kwa miaka kumi na saba,
nageukia ukuta ule usio na kivuli.